Pingo la Mlango wa Nyuma

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada, Jemadari wangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya fidia, kwa miezi yote niliyokaa kimya. Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji mzima, na wale wajukuu wako pacha hawajaibomoa nyumba. Goti lako linasemaje? Huku tunaendelea. Mama yu mzima, na masikio yake yanakamata kila asichotakiwa kusikia, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Mimi tumbo linakua kuliko kazi. Nashona suruali za watu wembamba huku nikiwaonea wivu.

Uliniagiza niulize bunduki ya Babu ilitoka wapi na ina thamani gani, ili shemeji akija akubebee uitundike sebuleni. Nimeuliza. Kaa chini kwanza ndipo uendelee kusoma.

Unakumbuka Mama alivyoifanya pingo la mlango wa nyuma, mtutu ukielekea kile kigoda anachokalia akimenya viazi. Niliichomoa, nikaiviringisha ndani ya mkeka pamoja na mafagio mawili, vichwa vya mafagio vikichungulia nje, nikaitia begani hadi makumbusho. Nilipofika mbele ya kituo cha polisi jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Askari wa zamu akaniita.

"Mzee, hayo mafagio unauzaje?"

Nikamwambia yana mwenyewe.

Mtaalamu wa makumbusho ni binti mmoja mwenye glavu nyeupe na sauti ya chini. Alisugua kitako cha bunduki kwa pamba, muhuri ukajitokeza. Dada, shujaa wetu! Yale mapigano tuliyosimuliwa, kuvuka mto huku risasi zikinyesha, sijui yalikuwa ya nani. Muhuri ni wa kikosi cha kulinda maghala. Babu alilinda mablanketi! Nilicheka mpaka nikaiegemea bunduki, mdomo wake ukiwa kwapani kwangu. Kuhusu thamani, akasema bila kibali haiuziki. Wao wanaweza kuiweka kwenye kabati la kioo na kutuandikia asante.

Kisha akachungulia ubavuni mwa bunduki, pale kutu ilipoganda, akaacha kutabasamu.

"Baba, nani alikuhakikishia kwamba haina kitu ndani?"

"Mwanangu, hii imefunga mlango tangu nina meno ya utoto. Ina nini zaidi ya kutu?"

"Ilaze mezani. Polepole. Na hilo kwapa, litoe hapo."

Jengo zima likatolewa watu. Mimi nilishikwa mkono kama bibi harusi. Akaja fundi wa silaha wa polisi, mnene mwenzangu, akaimiminia mafuta, akasubiri, akagongagonga, akasubiri tena. Alipotoka alikuwa na risasi moja kiganjani. Nzima. Akanigeuzia makalio ya risasi nikaona katikati pamebonyea, kama pamechomwa na ncha ya msumari.

"Hii ilishafyatuliwa," akasema. "Sindano iligonga, baruti ikakataa kuwaka. Nani alivuta?"

Nikasema sijui.

Dada, mimi na wewe tunajua. Ilikuwa uani, nami nikiwa mfungwa, maana cheo kingine hukuwahi kunipa. Ulilenga kifua, ukavuta kwa vidole viwili, ukasema "paa!" kwa mdomo. Lakini kabla ya ile paa yako kulikuwa na "tak". Nikaanguka, ulimi nje. Ukaja ukanisukuma kwa mguu: "Hukufa vizuri. Rudia!" Nikakataa kwa sababu Mama alikuwa ameshaita chakula. Ule ulafi unaonisema nao mpaka leo, ndio huo.

Tangu nitoke makumbusho, cherehani inanitesa. Nikikanyaga tu, inasema tak, tak, tak.

Sikulaumu hata chembe. Ulikuwa mtoto, na uliamini haina kitu. Hapo ndipo penye shida yangu. Fundi anasema bunduki ya namna hii hujazwa risasi tano. Nikawakumbuka wale "askari" wanne wa shaba uliowapanga dirishani. Ulizitoa risasi nne, ukadhani ndizo zote. Kisha ukawazika askari wako kwa heshima za kijeshi, mimi nikipiga debe, macho umenifunga kwa kitambaa eti siri ya jeshi. Uliwazika wapi?

Nakuuliza kwa sababu Mama sasa anapikia uani, na kila jioni anachoma takataka huko huko. Kumwambia naogopa; moyo wake unaujua. Moto wake nimeumwagia maji mara mbili, nikisingizia moshi. Jana alimwambia jirani kwamba mwanawe wa kiume anarukwa na akili. Pingo lake nalo analiulizia. Nimesema limekwenda kupakwa rangi. Fundi ameahidi kuja na mashine ya kutafuta vyuma, ila hakutaja siku, na uani kwa Mama kuna misumari kuliko mchanga. Kila akiwasha kiberiti, mimi husimama kati yake na ule moto, na tumbo hili mwaka huu limepata kazi.

Ukipata barua hii piga simu siku hiyo hiyo. Usieleze kitu. Taja mahali tu: chini ya ngazi, nyuma ya pipa, popote. Mama akisikia atadhani unatafuta ufunguo.

Nisalimie shemeji kwa heshima. Pacha wabusu, na wakicheza vita, wageuzie mchezo uwe wa kupika. Kaka Mkubwa na Shangazi wanakusalimu. Hawajui lolote, na iwe hivyo. Mungu aliyeinyima ile risasi moto akutunze huko uliko, naye aendelee kutushikia hizo nne mpaka uzitaje.

Wako akupendaye,
mfungwa wako, aliyekataa kurudia.