Bangili ya Pili

Jumanne. Mvua imenyesha asubuhi yote, ziwa halikuonekana dirishani, nami niliomba wageni wasije. Walikuja.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kutembeza watu katika nyumba ya kuwindia aliyoijenga lodi mmoja wa Kiingereza huku ufuoni, nje kidogo ya Kisumu. Siku hizi ni makumbusho. Kando ya mamba aliyekaushwa kuna kabati la kioo, na ndani yake bangili ya shaba iliyotolewa tumboni mwa huyo mamba. Hapo ndipo ninapotoa mzaha wangu: mpagazi wa lodi alishuka vizuri, bangili ndiyo iliyokataa. Watu hucheka. Nimecheka nao miaka sita.

Leo mama mmoja mzee kutoka Kondele hakucheka. Alingoja wengine wapite, akafungua kitambaa, akanionyesha bangili nyingine, pacha wa ile. Mpagazi alikuwa baba yake. Alipoliwa, mama huyu alikuwa hata hajazaliwa. Mwili haukupatikana, kwa hivyo walizika tunda la yago, kama tufanyavyo sisi Wajaluo mtu akipotelea majini.

"Wuoda, mwanangu, nipe hiyo nikamzike," akasema. "Tangu nizaliwe napalilia kaburi la tunda."

Niliona aibu. Haikukaa.

Nilimpigia bosi simu. Habari ya kaburi hakuitaka. Aliuliza tu kama hiyo ya pili bado ni nzima. Kisha akaniambia niongee na mama, maana mimi ni mtu wa kwao.

Nikaongea naye. Kwa Dholuo, tena kwa upole, Mungu anisamehe. Nilimwambia maombi ya namna hiyo huchukua miaka, na miaka yenyewe hana. Nikamwambia baba yake amekaa humu peke yake muda mrefu, si afadhali aletewe na bangili ya pili? Alilia kidogo. Akaipangusa bangili na kile kitambaa, akanipa. Akanishukuru, hata.

Alikuja kuchukua moja. Amerudi Kondele mikono mitupu.

Bosi amenisifu sana.

Jioni nimeketi kuandika karatasi mpya ya kabati: "Bangili mbili za shaba, mali ya..." Kalamu ikasimama. Mama yule alikaa nami karibu saa nzima, akanieleza mpaka rangi ya ng'ombe wa mamake, na mimi sikumuuliza baba yake aliitwa nani.

Kesho asubuhi kuna kikundi kingine. Nikifika pale kwenye kioo, mdomo wangu utasema nini, kama si ule mzaha?