Barua za Lalji Zimegoma

Jumanne, 17 Juni 2025

Barua za Lalji zimegoma! Si za karatasi — za kompyuta. Lalji, huyu mwenye mashine ya mpunga hapa Kahama, anataka kuuuzia mgodi mchele wa wafanyakazi. Ofa wanaipokea kwa barua pepe tu, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Seva yake inazipanga barua foleni, haitumi hata moja. Na fundi wa hiyo seva nani? Dorika wangu! Nikavaa koti, nikaenda kuangalia. Nani anizuie? Nimemzaa mimi.

Lalji kamwambia: binti, Alhamisi jioni ikishindikana namwita Frank toka Mwanza, na kazi inakuwa yake. Frank ni mtoto wa Mayala. Yule Mayala wa kijiweni! Afadhali aniibie ng'ombe.

Jumatano, 18 Juni 2025

Dorika kaupata ugonjwa! Simu yake inaufungua ukurasa wa mgodi vizuri, lakini seva inasema mgodi haupo duniani. Nikamuuliza, kwani inamuuliza nani? Kacheka. Kumbe seva haijui watu kwa majina, inajua namba. Kabla ya kutuma lazima iulize: huyu namba yake ipi? Na yule iliyekuwa inamuuliza ni kile kiboksi cha intaneti cha zamani — kilichong'olewa mwezi jana walipofunga kipya!

Nikasema, kama kuulizia nyumba kwa balozi wa nyumba kumi aliyeshahamia Masumbwe. "Ndivyo hivyo Baba. Naipa balozi mwingine." Kaandika kamstari, foleni ikasogea.

Mimi huyoo, kijiweni! Nimetangaza kama mnadani. Mayala kahawa imempalia.

Alhamisi, 19 Juni 2025

Aibu. Barua zimerudi! Zilifika mlangoni kwa mgodi, zikafukuzwa.

Mayala kaja mwenyewe mpaka ofisini. "Baba Dorika, nasikia foleni imegeuza!" Dorika kamwamkia shikamoo bila kuinua macho. "Marahaba mwanangu. Frank anapiga pasi shati la safari." Mshenzi huyu.

Dorika kanieleza. Barua inasema natoka kwa Lalji. Mgodi unageuka, unaiuliza ile namba iliyoileta: wewe ni wa nani? Namba ni mpya, ya kiboksi kipya; inajibu haimjui Lalji. Basi, hilo nalielewa kuliko Mayala! Kwetu Usukumani mgeni akibisha, jina lake halitoshi. Ukoo gani? Baba yako nani? Akibabaika, analala nje. "Yule mchumba wako wa Mhunze alibabaika hapo hapo," nikamkumbusha. Kanikazia jicho.

Hilo jibu la namba analibadilisha mwenye kuuza intaneti, si yeye. Kampigia. Kijana wa huko anasema subiri wiki. Dorika hakupaza sauti. "Kaka, nakusomea, wewe andika. Sikati simu." Na hakukata! Mpaka yule kachoka, kaandika. Huo ukaidi ni wa kwangu, mama yake ni mpole.

Lakini haionekani papo hapo, anasema. Huko nje bado wanakumbuka jibu la zamani. Wazee wa ukoo wangu wote wako hivyo.

Jioni Lalji kaniomba namba ya Frank. Miwani ikanipotea. Nimeitafuta kila mahali isipokuwa mfukoni.

Ijumaa, 20 Juni 2025

Naandikia humu humu ofisini, nimekalia gunia. Dorika anaiuliza ile namba: wa nani wewe? Haisemi. Tena. Haisemi. Lalji anazunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Miwani yangu bado imepotea.

Dorika kapiga meza! Imejibu — wa Lalji! Ofa imeondoka.

Tunangoja. Haijarudi... Mayala naye yumo, alikuja kuniona nikiaibika, kofia iko magotini. Nimemsogezea kiti karibu na kompyuta aone vizuri. "Nashukuru," anasema. Meno yamefungana.

Simu ya Lalji inaita. Mgodini! Kaitazama, kaisukuma juu ya meza mpaka mbele ya mwanangu. "Fundi, pokea wewe. Wakiuliza ya seva mimi nitababaika."

Fundi! Wiki nzima alikuwa binti. Namtazama Mayala. Kasikia.

Dorika anajifuta viganja kwenye sketi, anaweka simu sikioni. Ndiyo, anasema. Imefika, eeh? Ndiyo, ni mimi ndiye fundi —