Mawese Kwenye Springi ya Baba

Kasulu. Jumatano, Machi 1976

Ukungu leo umekaa mpaka karibu saa nne. Nilipofungua dirisha la studio sikuona barabara wala mashine ya kusaga ya jirani. Niliona weupe mtupu, na ndani ya weupe ule ng'ombe wa mtu analia. Siku za namna hii mimi hufanya kazi kama ninayeota. Nimechemsha chai nikasahau majani. Nikamimina hivyo hivyo, maji moto na sukari, na baba akanywa kimya mpaka mwisho.

Hakulalamika. Baba yangu mimi, ambaye chai ikipungua tangawizi kidogo tu mtaa mzima utajua! Ningejiuliza palepale, lakini akili yangu ilikuwa kwenye mashine.

Mashine ya kukuzia picha ilikatika waya juzi. Nieleze, maana siku moja nitasahau. Kichwa chake, chenye taa na lenzi, hupanda na kushuka kwenye nguzo ya chuma. Ni kizito kile kichwa. Kinachokibeba ni waya mwembamba, na waya unaingia kwenye kikopo cha chuma nyuma ya taa, ambamo kuna springi bapa iliyojiviringisha kama ya saa ya ukutani. Ukikivuta kichwa chini, springi inajikaza. Ukikipandisha, inakusaidia. Ukikiachia, kinabaki palepale, kinaelea. Tangu utoto napenda kile kuelea kwake. Nilidhani ndivyo malaika wanavyokaa.

Juzi waya ukasema ta! Kichwa kikaja chini chote, kikaangukia maboksi ya karatasi. Lenzi imepona kwa bahati tu.

Baba alisimama mlangoni akasema, "Basi. Imetuaga."

Kisha akasema lile ambalo halijanitoka kichwani tangu siku ile. Kuna bwana mmoja wa Kibondo anaitamani studio yetu siku nyingi, na Ijumaa anapita na lori lake. Mashine ikipona, tutaona. Isipopona, baba anamwachia kila kitu na sisi tunarudi Pangani.

Tunarudi! Yeye ndiye anayerudi. Mimi Pangani naijua kwa kusimuliwa. Nimezaliwa hapa, mama amezikwa hapa, nikiota naota Kiha. Shangazi zangu wa kule nawajua kwa picha, tena picha zenyewe nimezisafisha mimi. Nikienda kule nitakuwa mgeni mwenye jina la mwenyeji.

Sitaki kwenda. Naandika hapa kwa sababu sikuweza kumwambia.

Na jana akaja Mama Yozefina kutoka Titye, kwa miguu, miguu imejaa tope jekundu mpaka magotini. Alisimama nje akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kama wanavyosalimia wazee wa Kiha. "Mwakeye," akasema. Nikaitikia, nikamvutia kiti. Mume wake alikwenda Tanga kukata mkonge, hakurudi. Yozefina alizaliwa baba yake keshaondoka, na sasa anakwenda kuolewa bila kuijua sura yake. Picha waliyokuwa nayo ilinyeshewa siku ile walipohamia kijiji cha ujamaa, ikabaki karatasi tupu.

"Alipigwa hapahapa," Mama Yozefina akasema. "Na huyu mzee wako. Nataka kubwa, ya ukutani."

Negativu tunayo. Baba hatupi negativu ya mtu hata mmoja, zimejaa kwenye makopo ya biskuti mpaka juu ya kabati. Nikamwambia mama wa watu aje Alhamisi, siku ya soko, ataikuta. Nimeahidi mimi, na mashine imelala kifudifudi! Ndivyo nilivyo. Mdomo wangu hutangulia, mimi nafuata nyuma nikihema.

Kwa hiyo asubuhi hii, ndani ya ukungu, nikaenda kwa fundi baiskeli kuchukua waya wa breki. Unene ni uleule. Nikaiweka mashine mezani kwenye chumba cha giza, nikafungua kikopo. Ndani mlikuwa na kutu nyekundu kama vumbi la huku kwetu. Nikafuta, nikapangusa, na springi ilihitaji kulainishwa. Grisi? Mji mzima hakuna grisi, hata wenye malori wanalia. Nikaingia jikoni nikachovya kijiti kwenye chupa ya mawese. Yalikuwa mazito kwa baridi, yamekaa kama samli. Nikaona hewala, hii ndiyo grisi yenyewe. Nikapaka kwa ukarimu.

"Unakaanga nini humo?" baba akauliza kutoka barazani.

"Nakaanga springi!"

Akacheka. Nikafurahi kumsikia akicheka, kisha akaingia kunisaidia kukaza, maana kazi ile inataka mikono minne. Akaniambia nizime taa ya chemli.

Nikamwambia tutakatwa vidole. Springi bapa ikifyatuka haina huruma.

"Zima, mwanangu. Kazi hii macho yanaisumbua tu."

Nikaona ni maringo ya fundi. Nikazima. Tukawa gizani, mimi na yeye, harufu ya mawese na dawa za picha, mvua ndogo imeanza kwenye bati. Akakizungusha kikopo taratibu, nikisikia springi ikijikusanya ndani, krr, krr, mpaka akaona imekaza vya kutosha. Akanishika kiganja, akakiongoza mpaka kwenye tundu, nikapachika msumari wa kuzuia. Tukafunga waya. Nikachomoa msumari. Hakuna kilichofyatuka. Nikanyoosha mkono gizani nikakigusa kichwa, nikakisukuma juu, kikaenda, nikakiachia. Kikaelea.

Nilicheza peke yangu mle gizani. Hakuna aliyeniona, na nilidhani ni kwa sababu ya giza.

Mchana jirani akawasha jenereta la mashine yake, tukapata umeme. Nikajifungia na taa nyekundu. Wakati huo ndio wangu. Saa hizo huwa sijui kama niko Kasulu au wapi. Nikaweka negativu, mume wa Mama Yozefina akatokea mezani, uso wa kijivu na nywele nyeupe kama mzimu mpole. Nikakaa namtazama muda mrefu, taa inawaka, nalenga, nalenga tena, nawaza mtu huyu yuko udongo gani huko kwenye mkonge. Umeme wa jirani ni dhaifu, kwa hiyo nikaiachia karatasi mwanga kwa muda wa kutosha. Nikaitia kwenye dawa.

Kwanza kola. Kisha kivuli cha shavu. Kisha macho, yakija polepole kama ya mtu anayeamshwa.

Kisha pua mbili.

Nilisogeza karibu na taa nyekundu nikidhani ni macho yangu yamechoka. Pua mbili, wallahi, moja juu ya nyingine, na midomo imetapakaa kama sura iliyo chini ya maji yanayotembea. Ilikuwa nzuri kwa namna yake, nzuri ya ndoto. Lakini mtoto hawezi kumtambua baba yake mle.

Nikasema tumekwisha. Baba huchana picha iliyokosa ukali hata kidogo kama ncha ya sindano. Amechana zangu nyingi mbele ya wateja, nikilia. Nikaichukua ikiwa inachuruzika maji, nikamtolea barazani kwenye mwanga, nikajiandaa.

Akaishika pembeni kwa vidole viwili kama kawaida. Akaielekeza kwenye mwanga. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Safi," akasema. "Kali kabisa. Ianike."

Nilingoja acheke. Nilidhani ananitania. Ukungu ulishaondoka, mwanga ulikuwa mwingi, na baba yangu alikuwa ameshika mtu mwenye pua mbili anasema safi.



"Baba," nikasema, "imetikisika."

Akaisogeza karibu na uso. Karibu zaidi, mpaka maji yakamdondokea kwenye kanzu. Akaitazama juu, akaitazama chini, akitafuta. Kisha akaiweka magotini, akaipangusa kama anayepangusa kitambaa.

"Tangu mfungo," akasema. "Kwanza lilikuwa jicho moja. Naona mwanga. Naona mtu amesimama. Nani, sijui mpaka aseme."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema alitaka nifike Pangani kwanza. Kule kuna shangazi, kuna watu, ningeolewa vizuri, ndipo ijulikane kwamba nina baba kipofu. Hapa, akasema, nina yeye tu, na yeye si kitu tena.

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia baba namna ile. Nikamwambia, Baba umenikosea, umenifanya nigombane na waya na springi kumbe ugomvi uko kwako. Nikamwambia siendi Pangani. Likatoka lenyewe, lile nililoshindwa kusema tangu juzi. Halafu nikalia, kamasi na yote, mbele ya watu wanaotoka kusaga.

Aliniacha nilie. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kazi, "Hebu tuione hiyo mashine."

Akaingia, mkono ukutani. Akaweka kidole kwenye nguzo, chini tu ya kichwa, akatulia. "Kinashuka," akasema. "Weka kidole chako. Kinashuka polepole kama anayesinzia."

Nikaweka. Kweli. Akapapasa nyuma ya taa, pa moto, akanusa vidole, akaanza kutikisika mabega. Mawese! Asubuhi yalikuwa yameganda, yakaishika springi kama gundi, tukadhani tumekaza vya kutosha. Taa ilipopata moto yakayeyuka, kichwa kikakosa cha kukizuia, kikawa kinateremka picha ikiwa inaingia mwanga.

"Mtoto wa Kasulu wewe," akasema huku akicheka mpaka akakohoa. "Kila kitu mawese! Na wewe ukipakwa, si utateremka ukutani hivi hivi?"

Na mimi nikacheka, pua bado imeziba.

Tukafungua tena. Nikaosha springi kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa, nikaikausha kwa kitambaa, nikaiacha bila kupaka kitu. Kabla ya kukaza, nilizima taa mwenyewe bila kuambiwa. Nilimsikia baba akivuta pumzi. Akazungusha, safari hii akazidisha mizunguko kidogo, mimi nikapachika msumari.

Picha ya pili imetoka kali. Ukucha unaweza kukatika humo.

Nikamtolea barazani. Hakuipokea. Mikono aliikunja mapajani.

"Nisomee," akasema.

Sikuwahi kusoma mtu. Nikaanza ovyo, nikasema ni mwanaume, ana shati. Akasema, "Wanaume wote wana shati. Nisomee huyu." Basi nikatazama kama sijawahi kutazama picha. Nikasema sikio la kushoto limechomoza kuliko la kulia. Kifungo cha juu hakipo, kola imefungwa kwa pini. Nyusi zinakaribia kukutana. Anataka kucheka na anajizuia, shavu moja limeshaanza.

"Nilimwambia asicheke, ana pengo," baba akasema. "Akaona aibu, halafu akaona ni kichekesho."

"Pengo halionekani."

"Ndiye," akasema. "Ndiye kabisa. Mpe mama yake Yozefina."

Akakaa kidogo, akiusikiliza mtaa. Kisha akasema yule bwana wa Kibondo akifika Ijumaa nimkaribishe chai, chai yenye majani safari hii, na nimwambie mashine haiuzwi. Na wiki ijayo tutakwenda hospitali ya misheni wamtazame macho. Huenda ni mtoto wa jicho tu. Huenda siyo. Nimeogopa kuuliza zaidi, na yeye ameogopa kusema.

Nilikuwa nainuka kwenda kuanika picha aliponiita.

"Na wewe," akasema, "siku hizi umekaaje?"

Sikuelewa. Nikamwambia sijambo, baba.

"Sura," akasema. "Tangu mfungo sijakuona."

Nilisimama pale na picha ya baba wa mtu mwingine mkononi. Nimesoma sikio lake, pini yake, shavu lake. Kwa sura yangu sikupata hata neno moja. Nimemwambia nitamsomea kesho, baada ya soko.

Sasa nimekaa mbele ya kioo ambacho wateja hujichania nywele. Mvua imerudi. Nina macho ya mama, hilo analijua. Nimekonda kidogo, hilo halijui. Nianzie wapi?