Nilisema Mirihi Haina Mwenyewe, Bibi Akaninyima Radhi

Mpendwa Mama Ratmi, nisaidie, maana mimi kuongea na watu naona aibu, na hili siwezi kumwambia mtu yeyote hapa kijijini. Nimemaliza shule mwaka huu na nimechaguliwa kwenda Bandung, kule kisiwa cha Java, kwenye nyumba ya majaribio ambako vijana watafungiwa ndani walime mboga kwenye udongo uliotengenezwa ufanane na wa sayari ya Mirihi, ili ijulikane kama kweli watu wanaweza kuhamia huko, na mimi nimeota jambo hilo tangu utotoni. Sisi ni Wajava, bibi yangu Sarinten ndiye aliyenilea, na kwetu mtu hasafiri kabla ya kupiga magoti na kulaza paji la uso kwenye magoti ya mkubwa wake ili apewe radhi. Basi nikapiga magoti. Bibi akauliza, "Huko Mirihi anakaa nani?" Nikajibu kwa furaha, "Hakuna mtu, Bibi. Ni ardhi tupu, haina mwenyewe." Akavuta magoti yake, nikabaki nimeinama kama mtu anayetafuta sindano. "Ardhi tupu!" akasema. "Ndivyo tulivyoambiwa na sisi serikali ilipotupakia melini kututoa Java na kutuleta huku Kalimantan." Shangazi akacheka, "Mwache aende, Mama, huko hata jini wa kumgombeza hayupo." Bibi hakucheka, na tangu siku hiyo ananipakulia wali bila kunitazama. Meli inaondoka wiki ijayo. Niende bila radhi, au nibaki? Na nimekosea nini, kama kule kweli hakuna mtu?

Wening, Kalimantan ya Kati

Wening mwanangu,

Pole, lakini na wewe! Wazazi wangu pia walihamishiwa huku. Walifika kwenye hiyo "ardhi tupu" wakawakuta Wadayak, wenyeji wa huku, na miti yao ya matunda na makaburi ya babu zao. Neno hilo bibi yako amelibeba maisha yake yote, nawe unamrudishia ukiwa umepiga magoti! Hata mimi ningevuta yangu.

Sasa futa machozi. Kesho asubuhi mfuate jikoni, msaidie kazi, na Mirihi usiitaje. Muulize: mpunga ulipogoma kwenye udongo ule mweusi wenye maji machachu, nani aliwaonyesha pa kupanda mihogo? Kisha nyamaza usikilize; hapo aibu yako itakufaa.

Utasikia habari za jirani. Mirihi jirani hakuna. Udongo una chumvi ya sumu, hewa haivutiki, na ukikosea huna mlango wa kugonga. Ndiyo maana naipenda hiyo nyumba ya Bandung: afadhali mboga zenu zife hapa, mjue kwa nini, kuliko watu wafe kule. Na hilo la mwenyewe, usiwe na haraka nalo. Huenda kuna kijidudu chini ya barafu, na kama kipo, hicho ndicho mwenyeji.

Mwombe Bibi vijiti vya mhogo wa kupanda, uende navyo. Halafu piga magoti tena. Atakuuliza lile lile, namjua bila kumwona: huko anakaa nani? Mjibu, "Bado hatujui, Bibi. Tutapiga hodi kwanza."

Radhi utapewa. Nenda.

Mama Ratmi