Musoki ametia jiwe mu kinywa mbele ya jury

Emérance! Acha kazi, usome! Niko inje ya salle.

Musoki wetu ametia jiwe mu kinywa. Jiwe! Mbele ya jury ya maprofesa yenye kuamua kama anaingia doctorat!

Unajua alileta mawe ya mulima kule juu ya Kasenyi, kando ya ziwa. Anasema zamani ziwa ilikuwa inaishia pale. Profesa Delphin wa jury akamukatiza: "Hii ni argile tupu, matope ya maji marefu. Hakukuwa ukingo hapo. Sujet yako ya utafiti imekufa."

Musoki alivunja kipande cha jiwe, akakitafuna polepole, vile watu wa mawe wanafanya siku zote kwenye terrain, kupima udongo na meno.

Profesa akacheka: "Mama, uko na mimba? Wenye mimba ndio wanakula udongo."

Salle yote ikacheka. Uko na mimba! Mbele ya watu wote! Miye nilitaka kuingia chini ya kiti.

Lakini Emérance, dada yangu, Musoki hakuinamisha kichwa. Alienda mpaka kwenye meza ya Profesa, akamunyooshea kipande kingine. "Weka mu meno, Profesa. Argile inateleza kama siagi. Hii iko na muchanga wa ukingo, itakwaruza."

Profesa akakataa. Musoki akabaki amenyoosha mukono. Wenzake wa jury wakaanza kumuangalia. Mwisho Profesa akakitia mu kinywa, akauma, na siye wa mbele tukasikia: krrr.



Ndipo Musoki akamuuliza: "Na kama niko na mimba, Profesa, muchanga utaacha kulia mu meno yako?"