Kuku wa Mama Kavata na Bima ya Pikapu

Mutomo, Kitui
Jumapili, baada ya ibada

Mke wangu mpendwa, Mama Mwende,

Nakusalimu wewe na watoto, na yule ng'ombe mwenye kiburi ambaye najua bado anakupiga teke ukimkama. Goti lako je? Mvua imefika hapo Matiliku, au mnaangalia tu mawingu yakipita kwenda kwa wengine? Mimi ni mzima, ila tumbo linazidi kukua, na usiulize nani ananipikia. Ninajipikia mwenyewe na kujisifu.

Najua swali lako la kwanza: pikapu itakuja kubeba watu siku ya harusi ya Mwende, au haiji? Ngoja kidogo, nafika hapo.

Unakumbuka nilivyojivuna kwamba nimelipa bima na stika iko kwenye kioo. Ni kweli. Nilichukua ile ya bei ya chini, ya gari la mtu binafsi, kwa sababu mimi ni fundi wa matangi, nabeba saruji na koleo zangu. Ajenti alinisomea masharti yote, nami nikatingisha kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri huku akifikiria chakula.

Juzi, siku ya soko, nikakuta akina mama watatu wa kanisa letu kando ya barabara, jua kali. Wewe ungewaacha? Nikawabeba. Mbele kidogo, polisi hao. Ofisa akatazama stika, akaridhika, akazunguka nyuma. Huko akakuta kuku amefungwa miguu.

"Huyu kuku ni wa nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Mama Kavata, yule kiongozi wa kwaya, akajibu. "Ni wa dereva, mwanangu. Ametubeba, tutamwacha hivi hivi?"

"Kwa hiyo ni nauli."

"Nauli gani? Hiyo ni asante!"

"Hata wiki iliyopita nilimpa mbaazi," akaongeza mwenzake, akidhani ananitetea.

Ofisa akanigeukia. "Mzee, bima yako si ya kubeba watu wa kulipa. Pikapu ikipinduka, nani atawalipa hawa mama?"

Hakunishtaki, lakini alisema akinikuta tena hivyo, pikapu italala kituoni. Akina mama wakamaliza safari kwa miguu, Mama Kavata na kuku wake kwapani, akininunia mimi badala ya polisi.

Basi nikaanza kufikiria harusi. Mama yangu hawezi kutembea kutoka Kathonzweni, na unamjua: hajawahi kupanda gari bila kuacha kitu cha asante kwenye kiti, hata hili la mtoto wake wa kumzaa. Wazee nao ni hivyo hivyo. Nikataka kuwaandikia wote waje mikono mitupu. Mkamba aende harusini mikono mitupu! Ungenifukuza nyumbani.

Lakini zaidi ya polisi, lile swali lilinikaa. Ikipinduka pale mteremkoni, na Mama yumo ndani, nani?

Kwa hiyo jana nilirudi kwa ajenti, nikachukua ile bima kubwa, ya kubeba abiria. Safari hii nilisikiliza kila neno. Bei yake imekula pesa zote za suti yangu ya harusi, pamoja na tai. Nitolee lile koti la kahawia nililokuoa nalo, usogeze vifungo mpaka mwisho wa kitambaa. Watu wakicheka, waambie baba wa bibi harusi amevaa bima.

Pikapu inakuja. Mwende asilie tena.

Msalimie Mama, umwambie aje na chochote anachotaka. Msalimie kaka yako mchungaji, afupishe mahubiri, na dada yangu mpishi wa harusi, asifupishe chochote.

Leo baada ya ibada nilimwonyesha Mama Kavata stika mpya. Akaitazama sana, halafu akauliza, "Kwa hiyo sasa unachukua kuku?"

Nikamwambia nachukua. Yuko hapa mlangoni, amefungwa miguu, ananitazama nikikuandikia. Nitakuja naye.

Ni mimi mume wako asiye na suti,
Baba Mwende