Shanga Kiunoni mwa Melania

Jumatatu, 6 Mei 1957
Benchi lile lile la hospitali, vikohozi vile vile. Tangu atumbukie shimo la ngoro, lile la kukingia maji ya mvua shambani, mdogo wangu Melania anachechemea. Leo daktari Mzungu kaagiza picha ya eksirei, mfupa wa nyonga. Mpiga picha hakuitika shikamoo yangu. Akauliza, "Mmemvua kila kitu?" Nikasema ndiyo. Uongo. Ndani ya kaniki mtoto ana shanga kiunoni, nyuzi nne, Bibi alimfunga akiwa mchanga. Shanga za kiunoni hazitajwi mbele ya mwanamume. Nikatazama chini. Najichukia.

Jumanne, 7 Mei
Picha imeharibika. Shanga zimelala juu ya mfupa, nyeupe kama punje za mahindi. Mpiga picha alinisema mbele ya benchi zima.
"Nyie Wamatengo, mnakuja kutibiwa au kucheza ngoma?"
Watu wakacheka. Bibi hajui Kiswahili, akaniuliza anasemaje. Nikamwambia anasema tusubiri.
Bibi kakataa zikatwe. Kazisukuma hadi kwapani. Mtoto akarusha mateke, zikateremka. Picha ya pili. Mwanamume yule hujificha nyuma ya ukuta wa madini ya risasi, unaozuia miale ya mashine. Mimi namshika mtoto, sina hata aproni ya kujikinga.

Jumatano, 8 Mei
Ya pili nayo haifai. Kesho tena.
Ukutani mle chumbani kuna karatasi ya Kiingereza. Nimeisoma yote. Mtoto apigwe picha kwa muda mfupi kuliko mtu mzima. Miale ibanwe iangukie panapotakiwa tu. Picha isirudiwe ovyo, miale hudhuru, na madhara huenda yakachukua miaka kuonekana. Jamaa hapunguzi kitu. Mtoto wa miaka minne anampiga kama anapiga mpagazi. "Picha zangu hung'aa," anajisifu. Natamani mashine imwangukie.
Nikambeba mtoto, nikatoka. Mwoga mimi.

Alhamisi, 9 Mei
Nimezikata. Kwa wembe, Bibi akiwa mtoni. Aliporudi akaona.
"Hata mama yako asingethubutu," akasema. Hakufuatana nasi.
Nikaupita mlango wa mpiga picha, moja kwa moja kwa daktari. Darasa la nane zima la Kiingereza likanitoka, ikabaki sentensi moja: karatasi ya ukutani haifuatwi. Daktari akaja mwenyewe, akapunguza muda, akabana miale, akanivika aproni.
Mpiga picha akaiinua picha kwenye taa. "Imefifia. Hii aibu."
Daktari akamjibu kwa Kiswahili chake kibovu: mfupa naona, ufa naona, basi.
Tukitoka, jamaa akaniambia, "Haya, msomi. Umefurahi?"
Sikufurahi. Nilitaka kumtemea mate.

Jumapili, 12 Mei
Plasta ngumu ya mtoto imeanzia kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu. Daktari anasema mfupa utaunga. Bibi hasemi nami, anampa mtoto uji, mimi ananisogezea bakuli nikaoshe. Mvua imekatika. Melania kalala mdomo wazi.
Picha tatu. Mbili za bure zililetwa na mdomo wangu uliosema ndiyo. Bibi sijamwambia karatasi ilisema nini juu ya miale. Ninamtazama mtoto anavyopumua.